Mawingu Si Mvua: Kupambanua Maradhi Kando ya Kitanda

Kazi ninayotaka kuieleza hapa ina jina zito la kitaaluma, utambuzi tofautishi, lakini Kiswahili kina kitenzi chake cha zamani kinachoibeba vizuri zaidi: kupambanua. Anayepambanua hutenga vitu vilivyochanganyika hadi kila kimoja kionekane kwa sura yake. Mgonjwa aingiapo kwa daktari haji na jina la ugonjwa. Huja na kifua kinachobana, tumbo linalokata, homa isiyoisha au kichwa kinachogonga, na kila moja ya dalili hizo inaweza kuletwa na maradhi kumi yasiyo na undugu wowote. Daktari huyataja maradhi hayo moyoni au kwenye faili, kisha huanza kuyaondoa moja baada ya jingine. Hapo kwenye kuondoa ndipo tunapokosea mara nyingi, nami nimewahi kukosea hapo hapo.

Kijana mmoja wa miaka 19 aliletwa usiku na mama yake, akitapika tangu asubuhi na kulalamikia maumivu ya tumbo juu ya kitovu. Karatasi ya mapokezi ilikuwa tayari imeandikwa "vidonda vya tumbo", kwa kuwa mama alieleza kwamba mwanawe aliwahi kutibiwa vidonda hivyo mwaka uliotangulia. Nilimbonyeza tumbo, nikakuta ni laini ingawa lilimuuma karibu kila mahali. Nilisikiliza mapafu, yakawa safi. Nilihesabu pumzi zake, zikawa 32 kwa dakika, nami nikajiambia kwamba anahema kwa sababu ya maumivu. Niliagiza dawa ya kupunguza asidi, dawa ya kuzuia kutapika na dripu, nikaenda kwa mgonjwa mwingine. Kwenye faili nilikuwa nimeorodhesha majina manne: vidonda vya tumbo, kuvimba kwa kongosho, kidole tumbo na vijiwe vya nyongo. Mtu yeyote angeisoma orodha ile angeiona kuwa ya daktari makini, lakini hapakuwa na jina hata moja kati ya manne lililoeleza kwa nini mtu mwenye mapafu safi avute pumzi ndefu na za kasi namna ile.

Baada ya muda wa saa tatu muuguzi wa zamu alinifuata. "Daktari, yule kijana ameomba maji mara nyingi mno, na kila nikipita namkuta anaelekea msalani. Mama yake anasema suruali zake zote zimekuwa pana mwezi huu. Nimpime sukari?" Mashine ilisoma milimoli 29 kwa lita. Kijana alikuwa na kisukari ambacho hakijawahi kugunduliwa, na damu yake ilikuwa imejaa asidi za ketoni, ambazo mwili huzitengeneza unapokosa insulini na kulazimika kuchoma mafuta. Asidi hizo ndizo zilizokuwa zikimuumiza tumbo na kumtapisha, na zile pumzi ndefu zilikuwa juhudi za mwili kupunguza asidi kwa kuitoa hewa ya ukaa. Adolf Kussmaul, tabibu wa Kijerumani, alizieleza pumzi za aina hiyo mwaka 1874, na ndiyo maana hadi leo zinabeba jina lake. Nilizijua. Nilizihesabu, nikaziandika, kisha nikazipita. Kijana alipona kwa maji, insulini na uangalizi wa karibu wa potasiamu yake, lakini saa zile tatu zilipotea kwa sababu yangu.

Nimeurudia usiku ule mara nyingi. Sikukosa maarifa, maana kama mwanafunzi angeniuliza sababu za pumzi ndefu kwa mtu mwenye mapafu safi, asidi ya ketoni ningeitaja ya kwanza. Nilichokosa ni maswali. Majina yangu manne yalikuwa yamekaa kwenye faili bila lolote kati yao kudaiwa chochote, na tangu siku hiyo nimeamini kwamba orodha ya maradhi haina kazi mpaka kila jina lililomo lipewe swali lake: jambo moja la kuuliza, kugusa au kupima ambalo jibu lake linaweza kuliondoa jina hilo au kulipandisha juu. Isitoshe, majina yangu yote manne yalitoka katika nyumba moja. Yote yalikuwa ya viungo vilivyomo tumboni, kana kwamba tumbo haliwezi kuumia kwa niaba ya kiungo kingine.

Linaweza, na mara nyingi. Mtoto mwenye nimonia ya sehemu ya chini ya pafu anaweza kuonyesha tumbo anapoulizwa panapouma. Mshtuko wa moyo unaoshika upande wa chini wa moyo unaweza kujitokeza kama maumivu ya chembe cha moyo, juu ya kitovu, na kichefuchefu, na mgonjwa mwenyewe akaapa kwamba amevimbiwa. Mkanda wa jeshi huuma siku kadhaa kabla ya vipele kutokea. Mvulana aliyebalehe mwenye maumivu ya ghafla ya tumbo la chini anaweza kuwa na korodani iliyojisokota, naye akaona haya kusema; korodani hiyo huwa na nafasi nzuri ya kuokolewa ikifunguliwa ndani ya saa 6 hivi, kwa hiyo asiyemvua nguo na kumtazama anaweza kumgharimu kiungo. Mwanamke wa umri wa kuzaa hupimwa mimba hata kama ana hakika kuwa hana, kwa sababu mimba iliyotunga nje ya kizazi humwaga damu ndani kimyakimya. Naye mzee wa miaka 70 anayeambiwa kwa mara ya kwanza maishani kuwa ana kijiwe cha figo anastahili mtu wa kuutazama kwanza mshipa wake mkuu wa damu, aota, kwa kipimo cha mawimbi ya sauti, kwa maana aota iliyotanuka na kuanza kuvuja huuma ubavuni vilevile.

Kati ya maswali yote, ninalolithamini kuliko mengine ni hili: nini kilitangulia? Dalili zilezile zikibadilisha mpangilio huweza kubadilisha ugonjwa. Kidole tumbo kinapoanza kuvimba, maumivu hukaa karibu na kitovu na huwa hayana mahali hasa, kwa kuwa neva zinazotoka kwenye utumbo huo huingia uti wa mgongo katika ngazi ileile inayopokea hisia za ngozi ya kitovu. Baadaye uvimbe unapogusa utando unaofunika ukuta wa tumbo, ambao una neva zake zenye kujua mahali, maumivu huhamia kulia chini na mgonjwa huweza kuyaonyesha kwa kidole kimoja. Kutapika kwa kawaida huja baada ya maumivu kuanza. Aliyeanza kwa kutapika na kuhara, kisha tumbo likafuata, mara nyingi zaidi ana maambukizi ya utumbo, ingawa hiyo si sheria isiyovunjika. Kifuani napo ni hivyo hivyo. Mwaka 1724 tabibu Mholanzi, Herman Boerhaave, alieleza kifo cha amiri wa jeshi la majini aliyejitapisha kwa nguvu baada ya kula sana, kisha akapatwa na maumivu makali mno ya kifua. Umio wake ulikuwa umechanika. Kutapika kulitangulia, maumivu yakafuata. Anayeandika tu "maumivu ya kifua na kutapika" ameshaupoteza mpangilio huo, na pamoja nao ameupoteza ugonjwa.

Haya yote hupatikana kwa kumsikiliza mgonjwa. Mwaka 1975 daktari John Hampton na wenzake, nchini Uingereza, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa wapya 80 wa kliniki, na wakaonyesha kuwa kwa wagonjwa 66 barua ya rufaa pamoja na maelezo ya mgonjwa vilitosha kufikia utambuzi ambao haukubadilika baadaye. Uchunguzi wa mwili ulibadili mambo kwa wagonjwa 7, na maabara kwa 7 wengine. Vipimo vya leo ni vingi na bora kuliko vya wakati ule, na sitarajii hesabu hizo zibaki vilevile kila mahali. Hata hivyo sijawahi kukutana na mashine inayoweza kuuliza nini kilitangulia.

Vipimo navyo vina namna yao ya kudanganya, na hapa methali inanisaidia kufundisha kuliko kanuni za hesabu. Dalili ya mvua ni mawingu. Wazee walisema kweli: mvua ikinyesha, mawingu yapo. Lakini anayepima mgonjwa huisoma methali hiyo kutoka mwisho, kwani yeye ameona mawingu na anataka kujua kama mvua itanyesha, na hilo ni swali jingine kabisa. Jibu lake hutegemea ni msimu gani. Thomas Bayes, kasisi wa Kiingereza ambaye insha yake ilichapishwa mwaka 1763, miaka miwili baada ya kufa kwake, ndiye aliyetuachia njia ya kulihesabu.

Chukua kipimo kinachogundua wagonjwa 90 kati ya 100 walio na ugonjwa, na kinachowasafisha watu 90 kati ya 100 wasio nao. Kitumie kwa watu 1,000 ambao ni 10 tu kati yao walio wagonjwa. Kitawanasa 9 katika hao 10, lakini pia kitawatia hatiani watu 99 wazima, kwa hiyo kati ya majibu chanya 108, yaliyo ya kweli ni 9, sawa na takriban asilimia 8. Sasa kitumie kipimo hichohicho kwa watu 1,000 ambao nusu yao ni wagonjwa: majibu chanya ya kweli yatakuwa 450 na ya uongo 50, yaani asilimia 90 ni ya kweli. Kipimo hakikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni shaka ambayo daktari alikuwa nayo kabla ya kukiagiza, na shaka hiyo hujengwa kwa maelezo ya mgonjwa, umri wake, mwili wake na mazingira yake. Ndiyo maana kuagiza vipimo vyote kwa wagonjwa wote hakumfanyi daktari kuwa makini. Kunamletea mawingu mengi asiyoweza kuyasoma.

Homa ni mfano wa karibu. Vipo vipimo vya haraka vya malaria vinavyotafuta protini ya kimelea, na protini hiyo inaweza kubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa baada ya matibabu kufaulu. Tena pale malaria inapoenea sana, mtu mzima mwenye kinga kiasi anaweza kubeba vimelea bila kuumwa navyo. Mgonjwa wa namna hiyo akipata homa ya uti wa mgongo, au maambukizi ya figo, au nimonia, kipimo chake cha malaria kitakuwa chanya na homa yake itakuwa ya kitu kingine. Jibu chanya hutibiwa, naam, lakini halimzuii mtu kuuliza kama shingo imekakamaa, kama mkojo unachoma, kama kuna vipele visivyopauka vikibonyezwa, kama pumzi ni za kasi. Kwa watoto wachanga na wazee shingo inaweza isikakamae kabisa, kwa hiyo mtoto mchanga mwenye homa aliyelegea na kukataa kunyonya hutiliwa shaka ya homa ya uti wa mgongo hata shingo yake ikiwa laini.

Kwenye maumivu ya kifua ndipo linapoonekana wazi kwamba orodha hupangwa kwa njia mbili kwa wakati mmoja, kwa uwezekano na kwa hatari. Kwa uwezekano, misuli na mbavu, kiungulia na hofu viko karibu na juu. Kwa hatari, yako maradhi ambayo yakisahauliwa huua kabla ya mapambazuko: mshtuko wa moyo, kuchanika kwa ukuta wa aota, bonge la damu lililoziba mshipa wa pafu, hewa iliyonaswa kwa shinikizo kati ya pafu na ukuta wa kifua, na ule umio uliochanika. Haya hayahitaji kuwa na uwezekano mkubwa ili yapewe nafasi ya kwanza ya kuulizwa. Kipimo cha umeme wa moyo hufanywa ndani ya dakika 10 tangu mgonjwa afike. Kipimo cha kwanza cha damu cha troponini, protini ya misuli ya moyo, kinaweza kuwa cha kawaida kwa sababu misuli ya moyo iliyoumia huchukua saa kadhaa kuimwaga kwenye damu kwa kiasi cha kuonekana, kwa hiyo hurudiwa. Maumivu yanayoongezeka kifua kikibonyezwa, au yanayotulia kwa dawa ya kiungulia, hayatoshi kuuondoa mshtuko wa moyo kwenye orodha. Na mwenye kisukari, mzee, au mwanamke anaweza kuja na uchovu, jasho na kukosa pumzi tu, kifua chenyewe kikiwa hakiumi.

Kuchanika kwa aota kuna swali lake linalochukua nusu dakika: je, maumivu yalianza ghafla yakiwa tayari na ukali wake wote, kama kitu kinachopasuka kuelekea mgongoni? Kisha hupimwa shinikizo la damu mikono yote miwili, na tofauti inayozidi milimita 20 za zebaki huamsha shaka. Nalisisitiza swali hili kwa kuwa mpasuko huo unaweza kuziba mshipa unaolisha moyo na kuonekana kwenye karatasi ya umeme kama mshtuko wa moyo wa kawaida, na dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, inayowaokoa wengi wenye mshtuko wa moyo, kwa huyu inaweza kuwa kifo. Bonge la damu pafuni huulizwa kwa mguu mmoja uliovimba, upasuaji wa wiki chache zilizopita, saratani, na oksijeni iliyoshuka ilhali mapafu yanasikika safi. Nayo hewa iliyonaswa kwa shinikizo haisubiri picha ya eksirei: upande mmoja wa kifua ukiwa kimya, bomba la hewa la shingoni likiwa limesukumwa upande, na mgonjwa akiwa anazimia, sindano ya kuitoa hewa hutangulia.

Kuhusu kichwa sitakaa sana, kwa kuwa maumivu mengi ya kichwa ni ya kipanda uso au ya mkazo wa misuli, na hubainika kwa maelezo. Yapo maswali machache nisiyoyaruka. Maumivu yaliyofikia kilele chake ndani ya dakika moja ni ya kuvuja damu juu ya ubongo mpaka ithibitike vingine, na picha ya kompyuta huaminika zaidi ikipigwa ndani ya saa 6 za kwanza. Baada ya hapo, picha safi pekee haitoshi. Aliyepita miaka 50 mwenye maumivu mapya ya kichwa huulizwa kama taya huchoka anapotafuna na kama ngozi ya kichwa humuuma anapochana nywele, kwa kuwa kuvimba kwa mishipa ya damu ya panja kunaweza kumpofusha. Mjamzito aliyepita wiki 20 hupimwa shinikizo la damu, na 140 kwa 90 au zaidi haliachwi lipite. Halafu kuna swali ninalolipenda kwa wepesi wake: nani mwingine nyumbani anaumwa kichwa? Familia nzima ikiumwa pamoja asubuhi na kupata nafuu ikitoka nje, tatizo liko kwenye hewa wanayovuta, na gesi ya kaboni monoksaidi haionekani wala hainuki. Kifaa cha kidoleni cha kupimia oksijeni hakitasaidia, kwa sababu hakiwezi kutofautisha damu iliyobeba oksijeni na ile iliyobeba gesi hiyo. Kitaonyesha asilimia 98 huku mtu akipoteza fahamu.

Kwa nini basi mtu mwenye maswali haya yote haulizi hata moja? Mwaka 1974 wanasaikolojia Amos Tversky na Daniel Kahneman walieleza jaribio ambalo watu walizungushiwa gurudumu la bahati lenye namba, kisha wakaulizwa ni asilimia ngapi ya nchi za Umoja wa Mataifa zilikuwa za Afrika. Waliopata namba 10 walikadiria, kwa wastani wa kati, asilimia 25. Waliopata 65 walikadiria 45. Wote waliona kwamba namba ile ilitokana na gurudumu tu, na bado iliwavuta. Ikiwa namba ya bahati nasibu inaweza kuitia akili nanga, jina la ugonjwa lililoandikwa kwa kalamu kwenye karatasi ya mapokezi lina nguvu kubwa zaidi, na jina lililotamkwa na daktari mwandamizi lina nguvu kuliko yote. Nanga yangu usiku ule ilikuwa maneno matatu yaliyoandikwa na mtu mwingine.

Njia ninayoitumia sasa kuing'oa nanga ni kusoma tena nilichokiandika na kutafuta jambo lisiloelezwa na jina nililolichagua. Nikilipata, silitafutii kisingizio. Nalitafutia jina jingine kwenye orodha. Wakati mwingine jina la pili haliliondoi la kwanza, hasa kwa wazee: mzee anayehema anaweza kuwa na moyo ulioshindwa, nimonia na upungufu wa damu kwa pamoja, na kutafuta ugonjwa mmoja unaoeleza kila kitu kwake ni kupoteza wakati.

Jambo gumu zaidi kwangu limekuwa kuacha nafasi wazi. Jina la ugonjwa likishaandikwa kwenye faili, hutembea. Hukabidhiwa zamu kwa zamu, na kila anayelipokea hulikuta limezidi kuwa kweli. Nilipofikishiwa sukari ya yule kijana nilikuwa tayari nimemweleza daktari mwenzangu, aliyekuwa anaanza zamu, kwamba ni vidonda vya tumbo, naye alikuwa ameitikia. Sasa, nisipokuwa na hakika, huandika "maumivu ya tumbo, sababu haijajulikana", na chini yake majina yaliyobaki na swali la kila moja, ili anayepokea ajue ni nini bado kinadaiwa. Mgonjwa anayeruhusiwa kwenda nyumbani naye nampa maswali hayohayo kwa lugha yake: maumivu yakihamia kulia chini, ukishindwa kunywa maji, ukizimia, rudi hata kama ni usiku wa manane. Na kabla ya kukabidhi humuuliza muuguzi kuna nini kwa mgonjwa ambacho sijakiandika.

Siku si nyingi zilizopita muuguzi mmoja alinijibu kwamba mzee aliyelala karibu na mlango, ambaye faili lake lilisema amechanganyikiwa kwa sababu ya umri na homa, hajakojoa tangu alfajiri. Nilirudi kitandani kwake, nikaweka mkono chini ya kitovu, nikakuta kibofu kimejaa na kukaza. Tulipomwekea mpira wa mkojo ilitoka zaidi ya lita moja, na kufikia jioni alikuwa akimwita binti yake kwa jina.